Makanga ameniita shosho: nitazeekaje bila kujidanganya?

SWALI: Nina miaka 62, nimestaafu ualimu wa shule ya msingi miaka miwili sasa, naishi Buruburu. Wiki iliyopita kwenye matatu makanga aliniambia, "Shosho, shika hapo usianguke," kana kwamba mimi ni bibi yake, na kijana mmoja akaniachia kiti. Nilishukuru, lakini nilipofika nyumbani nililia. Goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi. Nasahau majina ya watu. Nalala baada ya taarifa ya habari ya saa moja, na saa tisa usiku niko macho, nahesabu yote yaliyonitoka. Kila wiki mbili napaka nywele rangi nyeusi. Binti yangu alinishauri nikae nitulie nizingatie pumzi. Nimejaribu mara nne. Mara mbili nilisinzia, mara mbili mawazo yakanizidi. Rafiki yangu wa kanisani anasema hiyo ni dini ya watu wengine. Nataka kuukubali uzee, lakini sitaki kukata tamaa. Nifanyeje? (Mwalimu mstaafu, Buruburu)

JIBU: Mwalimu, nitaanza na hiyo saa tisa usiku, maana hapo hesabu peke yake inatoa nusu ya jibu. Taarifa ya saa moja ikiisha, unaingia kitandani kwenye saa mbili. Kutoka saa mbili hadi saa tisa ni saa saba. Mtu wa umri wako huhitaji saa saba au nane hivi, kwa hiyo hukukatiziwa usingizi, umeumaliza. Kinachokutesa ni zile saa tatu zinazobaki kabla hakujapambazuka, umelala chali gizani, huna kazi wala mtu wa kuzungumza naye. Akili isiyo na kazi hufungua makabati ya zamani.

Isitoshe, usingizi wa mtu aliyevuka miaka 60 ni mwepesi kuliko wa kijana. Ule usingizi mzito hupungua, na saa ya mwili husogea mbele: jioni unasinzia mapema, alfajiri unaamka mapema. Hilo ni badiliko la kawaida, la kupokewa. Ila kulipokea si kulala macho kila usiku. Sogeza muda wa kulala kwa dakika 15, ukae hapo siku tatu au nne, kisha usogeze tena, mpaka ufike saa nne usiku. Itachukua kama mwezi. Kuamka kuwe saa kumi na moja alfajiri kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Siku za mwanzo utasinzia kwenye kochi saa mbili na nusu. Inuka, kunja nguo, osha vyombo, maana usingizi wa kochi ndio unaoiba wa kitandani. Kikombe cha mwisho cha chai ya majani kiwe kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa hata zikipita saa tano hivi tangu unywe, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Vinywaji vipungue saa mbili kabla ya kulala. Kama unameza dawa ya presha ya kukojosha, muulize daktari kama inafaa uinywe asubuhi.

Na ukiamka usiku, usitazame saa. Ukihisi zimepita kama dakika 20 na usingizi haujarudi, toka kitandani. Weka sweta na leso karibu tangu jioni, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, kwa sababu baridi ya Nairobi ndiyo inayowafanya wengi wabaki wamelala wakiteseka badala ya kuinuka. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, simu chumba kingine. Mawazo yakija, yape jina la aina yake tu: "hii ni kumbukumbu," "hii ni hofu ya kesho," "hii ni lawama." Usibishane nayo na usiyatafutie jibu. Kama lipo jambo la kushughulikiwa kweli, kwa mfano karo ya mjukuu, liandike mstari mmoja kwenye daftari, ufunge daftari. Macho yakianza kuwa mazito, rudi kitandani.

Sasa neno lenyewe, kukubali. Unaogopa kwamba ukikubali utakuwa umekata tamaa, na hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa watu wengi hutumia neno moja kwa mambo mawili yanayopingana. Afadhali nikuonyeshe kwa goti lako kuliko kwa maelezo.

Nyumba nyingi za Buruburu zina ngazi ya ndani. Kesho asubuhi, kabla hujapanda, simama chini yake na ushike reli. Vuta pumzi moja. Weka mguu wa kushoto, ulio mzima, kwenye kidato cha kwanza, kisha ulete wa kulia. (Kanuni ni hii: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu unaouma hutangulia. Ukigeuza, goti bovu ndilo linalobeba kazi yote.) Maumivu yakija, usiyaite bado "maumivu ya goti." Uliza yako wapi hasa: chini ya pia ya goti, upande wa ndani, au nyuma? Yanachoma, yanabana, au yanavuta? Yanaanza mguu unapobeba uzito au unaponyooka? Kwenye kidato cha tano ni yaleyale ya kidato cha pili? Ukitazama hivyo utaona yana mipaka. Yanapanda, yanashuka, na kuna sekunde kadhaa ambapo hayapo kabisa.

Halafu sikiliza maneno yanayokuja nyuma yake. "Mguu huu umekwisha. Mwaka ujao nitatembea na mkongojo. Nitakuwa mzigo kwa watoto." Maneno hayo hayamo gotini. Ila yana kazi yanayoifanya mwilini: taya linakaza, pumzi inasimama, mabega yanapanda, mkono unang'ang'ania reli, na unaanza kuchechemea hata kabla goti halijauma, uzito wote ukahamia nyonga ya upande wa pili. Jioni nyonga nayo inauma, na maneno yanapata ushahidi mpya. Ukiyasikia maneno kama maneno, unaweza kulegeza taya, kuachia pumzi na kushusha mabega. Goti huenda likabaki linauma kama lilivyokuwa, lakini utakuwa umepunguza kila kilichoongezwa juu yake.

Zoezi lote la kuzingatia ni hilo: kutenganisha kinachohisiwa na kinachosemwa juu yake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha hivyo wagonjwa katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, wengi wao wakiwa watu ambao maumivu yao yalikuwa hayajaisha kwa dawa. Mafunzo hayo baadaye yalizoeleka kuwa ya wiki nane, na shabaha ilikuwa kubadilisha namna ya kuishi na maumivu, si kuahidi kwamba yatatoweka.

Hapo ndipo kukubali kunapoachana na kukata tamaa. Mtu ambaye hajalikubali goti lake hufanya moja kati ya mawili. Ama hulilazimisha, anapanda kwa kasi ya miaka 40 akijikaza kisabuni mpaka livimbe, ama huacha kupanda kabisa, anahamishia kitanda chini. Njia zote mbili zinadhoofisha msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao ndio unaolibeba goti. Aliyekubali husema: goti langu la kulia, leo, liko hivi. Na kwa kuwa anajua liko vipi, anaweza kulifanyia kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua kiti cha mezani kigumu, urefu wa sentimita 43 hadi 45, kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele, nyayo sakafuni kwa upana wa mabega na zirudi nyuma kidogo ya magoti, mikono ikunjwe kifuani. Inama mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, kisha simama. Shuka polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Kushuka polepole ndiko kunakojenga msuli, na wengi hujiangusha kitini wakaipoteza nusu ya faida. Rudia mara 8, pumzika dakika mbili, kisha mara 8 tena, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Baada ya wiki mbili au tatu panda hadi mara 12. Ikiwa huwezi kusimama bila mikono, weka mto mgumu kitini upunguze kina. Maumivu ya wastani yanayotulia kufikia kesho yake si hatari. Goti likivimba au likiwa baya zaidi asubuhi, punguza idadi kwa nusu. Ukitaka kujipima, hesabu umesimama mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni ishara kwamba miguu imedhoofika na hatari ya kuanguka imeongezeka.

Kando ya sinki ya jikoni fanya zoezi la pili: kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, kama mtu anayetembea juu ya kamba, usimame hivyo sekunde 10 huku mkono ukiwa karibu na sinki. Badilisha mguu. Kutembea nako kusikome. Lenga dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Kama una nauli, mahali pazuri kuliko barabara ya mtaani ni msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum, kwa sababu udongo na kivuli vinalihurumia goti, na pikipiki hazikukimbizi.

Turudi kwenye zoezi la pumzi ambalo unasema limekushinda mara nne. Naona halikukushinda, ulielezwa vibaya. Watu huambiwa "ondoa mawazo," na hakuna binadamu awezaye. Mawazo kuja ni kazi ya akili kama mate kuja ni kazi ya mdomo. Kazi yako ni kugundua kwamba umeondoka, na kurudi. Wewe umefundisha darasa la kwanza, unajua namna ya kumrudisha mtoto aliyetoka kwenye mstari: unamshika mkono, unamrudisha mahali pake, humkaripii, na unajua atatoka tena. Ukitoka mara ishirini ndani ya dakika tano na kurudi mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini.

Fanya asubuhi baada ya chai, kabla ya kufungua simu. Tumia kile kiti cha mezani, usikae kwenye kochi wala kitandani. Mgongo usiegemee, lakini usikazwe. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, mikono juu ya mapaja. Macho yabaki nusu wazi yakitazama sakafu mita moja na nusu mbele. Tafuta mahali pamoja ambapo pumzi inaonekana wazi zaidi, puani au tumboni, ubaki hapo. Usiivute kwa nguvu wala kuirefusha. Kila unapotoa pumzi hesabu: moja, mbili, hadi kumi, kisha anza tena. Ukijikuta uko kumi na saba, au uko sokoni unanunua vitunguu, rudi kwenye moja. Dakika tano kwa siku kwa wiki mbili, kisha kumi kwa wiki tatu, kisha kumi na tano au ishirini kama unaona inakufaa. Kosa kubwa la wanaoanza ni kurukia dakika 30 za programu ya simu siku ya kwanza. Siku ya nne wameacha.

Kusinzia kuna sababu zake. Ulifanya ukiwa umelala au umefumba macho, au ulifanya baada ya chakula cha mchana. Ukisinzia hata ukiwa umekaa, fanya umesimama, mkono kwenye kiegemeo cha kiti. Kwa wengine kuitazama pumzi hufanya kifua kibane, hasa wenye pumu au wanaoshikwa na wasiwasi. Wao waiache pumzi, waweke akili kwenye nyayo: baridi ya sakafu, uzito wa kisigino, kidole gumba kinavyogusa kiatu. Au wasikilize sauti zinapokuja na kuondoka, mlango wa geti, kunguru, mtu anayeuza mitumba kwa kipaza sauti. Kazi ni ileile.

Na kuna onyo ambalo lazima litolewe. Mtu wa umri wako aliyeishi Nairobi huenda amebeba mengi: mlipuko wa Agosti 7, 1998, vurugu baada ya uchaguzi wa 2007, kifo cha mtoto, ndoa iliyomuumiza. Kukaa kimya na macho yaliyofumbwa kunaweza kuyafungua hayo kwa ghafla. Yakija mpaka mwili ukatetemeka au ukajiona uko kulekule yalikotokea, acha zoezi papo hapo. Fungua macho, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, gusa ukuta, kunywa maji. Usijilazimishe "kuyakubali" peke yako. Hayo ni ya kufanywa na mshauri nasaha au daktari wa akili akiwa pamoja nawe.

Rafiki yako wa kanisani hajakosea kabisa. Chimbuko la mazoezi haya ni tafakuri ya Kibudha, na Kabat-Zinn mwenyewe alijifunza huko. Alichofundisha hospitalini ni mbinu ya kuzingatia, bila ibada, bila mungu wa kuombwa, bila maneno ya siri. Kama moyo wako bado una wasiwasi, huna haja ya kulazimisha. Soma zaburi moja polepole, neno baada ya neno, na kila akili ikienda mbali irudishe kwenye neno ulipoachia. Anayesali rozari, au Mwislamu anayevuta tasbihi akiwa na moyo uliotulia, anajua kazi hii tayari. Unaweza pia kuifanya ukichambua ndengu: punje moja, kidole, jiwe, sauti ya kuangukia sahani, dakika kumi bila redio.

Sasa huyo makanga. Kwa hakika hakukutukana. Shosho ni nyanya, na kwa kijana wa Nairobi ni neno la heshima, pengine la upendo. Lakini liliuma, na halikuuma kwa bahati mbaya: lilitoka kwa mgeni kabla wewe mwenyewe hujajiita hivyo. Umekuwa "Mwalimu" kwa miaka mingi, ukaacha kazi ukiwa na miaka 60, halafu mtu asiyekujua akakupa cheo kipya mbele ya abiria. Usijiambie upuuze. Neno hilo likija tena, angalia linatua wapi mwilini, kooni, usoni, tumboni, uvute pumzi tatu ukiwa hapo na hisia yenyewe. Aibu ikitazamwa hivyo haidumu. Huinuka, husimama kidogo, hushuka. Kinachoirefusha ni kuirudia nyumbani jioni nzima.

Na ukiachiwa kiti, keti. "Asante mwanangu" inatosha. Matatu ikipiga breki, mtu wa miaka 62 akianguka huvunjika mahali ambapo wa miaka 22 hupata mchubuko. Shika chuma kabla gari halijaondoka, na usiinuke kushuka mpaka limesimama kabisa, hata makanga akigonga bati.

Kuna jambo jingine katika neno hilo, na hapa nitakupa utafiti mmoja ninaouamini ingawa hauthibitishi kila kitu. Becca Levy na wenzake walifuatilia watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, Marekani, wenye miaka 50 na zaidi, ambao walikuwa wameulizwa wanauonaje uzee wao wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: walioutazama kwa wema waliishi miaka 7.5 zaidi ya walioutazama kwa ubaya, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, kipato, upweke na afya yao. Fikra peke yake haiongezi miaka. Lakini anayeamini kwamba uzee ni kuoza tu huacha kutembea, huacha dawa, hukataa miwani, kwa maana haoni faida. Kwa hiyo sikiliza unavyojisemea mbele ya kioo; sentensi hizo zina kazi.

Yale unayoyahesabu usiku yanahitaji mahali pake pa mchana. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na kuuambia moyo uchangamke haraka ni kuudanganya. Tenga nusu saa mara moja kwa wiki, sema Jumatano saa kumi alasiri. Kaa na daftari. Andika jambo moja tu lililopotea, kwa uwazi: sauti za watoto saa mbili kasorobo wakijipanga gwaride, mshahara wa mwisho wa mwezi, kiuno, rafiki aliyezikwa. Lia kama kilio kipo. Nusu saa ikiisha, osha uso, toka nje. Huzuni iliyopewa siku yake husumbua kidogo usiku kuliko ile inayofungiwa.

Katika ukurasa wa pili andika kinachobaki na unachokichagua. Wanasaikolojia wa Kijerumani Paul na Margret Baltes walieleza kuzeeka vizuri kwa hatua tatu: kuchagua machache, kuyafanyia mazoezi zaidi, na kutafuta njia ya kufidia kilichopungua. Mfano wao ulikuwa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea na maonyesho mpaka miaka 89. Alipunguza nyimbo alizopiga, akazifanyia mazoezi mengi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili kasi inayofuata isikike kubwa. Kwako inaweza kuwa hivi: kwaya uibakize, uenyekiti wa chama uwaachie wengine; wajukuu wawili wasome nawe Jumamosi badala ya wote sita kushinda kwako kila likizo; na somo ulilolifundisha vizuri kuliko yote ulifundishe tena, watoto wachache, mezani kwako, kwa mwendo wako.

Kuhusu majina unayosahau: jina kukwama kwenye ncha ya ulimi na kuja baada ya nusu saa ni kawaida ya umri. Unapotambulishwa, litamke jina mara mbili kwenye mazungumzo na ulifunge na kitu kimoja cha uso wake. Mara nyingi hatusahau jina, hatukulisikia kwa sababu akili ilikuwa kwingine. Hilo la kuzingatia husaidia hapa moja kwa moja. Lakini ukiuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja, ukipotea njia ya kwenda kanisani, au kutuma pesa kwa simu kukawa kugumu wakati zamani ulifanya bila kufikiri, nenda ukapimwe, tena na mtu anayeishi karibu nawe, maana yeye ameona zaidi. Baadhi ya sababu zinatibika: tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, upungufu wa vitamini B12 (hasa kwa mwenye kisukari aliyemeza dawa ya metformin kwa miaka), sonona, masikio yaliyopungua, au dawa za usingizi.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kwingine kote. Katika mji huu sentensi inayowaumiza wazee ni "ni uzee tu." Husemwa na watoto, husemwa na mgonjwa mwenyewe, wakati mwingine hata na mhudumu wa kliniki mwenye foleni ndefu. Ukungu machoni huenda ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake huurudisha uoni. Mkojo unaovuja ukikohoa hutulia kwa wengi wakikaza misuli ya nyonga, kama unayezuia mkojo, sekunde 5 kila mara, mara 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma si uzee kamwe. Nenda wiki hiyohiyo. Kupungua uzito bila kukusudia, presha ambayo haijapimwa mwaka mzima, huzuni inayokaa wiki mbili mfululizo ikikuondolea hamu ya chakula na watu, vyote ni vya daktari. Kizunguzungu unapoinuka kinaweza kuwa presha inayoshuka ghafla: kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili kwanza, na umwambie daktari aipime ukiwa umelala na ukiwa umesimama. Jambo likikujia, lipeleke kwanza likaangaliwe. Lisilotibika ndilo la kukubaliwa.

Mwisho nywele. Kupaka si dhambi, na kuacha si ushindi. Jiulize tu, siku ya kupaka, unapaka kwa kuwa unapenda au kwa kuwa unaogopa kuonekana, na ujijibu bila kujihukumu. Ukiendelea, kumbuka kwamba rangi nyeusi nyingi zina kemikali iitwayo PPD inayoweza kuleta mzio hata kwa aliyeitumia miaka kumi bila shida. Paka tone nyuma ya sikio saa 48 kabla. Pakiwasha au kuvimba, usipake kichwani. Wiki mbili ni karibu sana, ngozi haipati nafasi ya kupumzika. Ukitaka kuacha, nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Mwambie kinyozi azikate zibaki sentimita tatu, usipake tena, na baada ya miezi mitatu au minne atakuwa amekata kipande cha mwisho chenye rangi.